Siku ya Mtoto Isigeuzwe Mnada wa Wazazi

KILA Jumamosi alasiri, katika miji ya nchi hii, hufanyika mnada wa aina yake. Haziuzwi ng'ombe wala samani. Kinachopigiwa bei ni heshima ya wazazi, na anayefanywa dalali ni mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano, ambaye bado hawezi kuhesabu mishumaa iliyowashwa mbele yake. Mnada huo umepewa jina zuri: sherehe ya kuzaliwa.

Isidhaniwe kuwa furaha ya mtoto ndiyo inayolaumiwa hapa. Taifa lisilofurahia watoto wake ni taifa lililokwisha kukata tamaa. Mtoto akitimiza mwaka, mama akapika maandazi, majirani wakaja, watoto wa mtaa wakaimba na kucheza hadi jua likazama, hapana la kulaumu. Linalolaumiwa ni jambo jingine lililojificha nyuma ya maputo: ni tabia ya watu wachache wenye nafasi kuinyakua siku ya mtoto, kuifanya jukwaa la kuonyesha mali, na kisha kuwatoza kiingilio wazazi wenzao wasio na nafasi hiyo. Tabia hiyo inaenea, inaigwa, na inafundishwa kwa watoto wakiwa katika umri ambao kila wanachokiona huwa somo.

Jumamosi ya mzazi mmoja

Achukuliwe kwa mfano mzazi mmoja wa Dar es Salaam. Ni karani wa masijala, mkazi wa Mbagala, mama wa mtoto mmoja aliye darasa la chekechea. Siku ya Jumatatu simu yake inalia. Katika kundi la wazazi wa darasa hilo umetumwa mwaliko wenye picha ya mtoto aliyevishwa taji. Mtoto huyo anatimiza miaka mitano. Chini ya picha yameandikwa mambo manne: ukumbi, saa, rangi za siku, na namba ya simu ya kutumia mchango. Rangi za siku ni pinki na dhahabu.

Mama huyu hana gauni la dhahabu. Angependa kukataa, lakini anajua kwamba watoto hao wawili hukaa meza moja, na kwamba siku ya Jumatatu inayofuata darasa zima litazungumza habari ya ukumbi ule. Mtoto asiyekwenda hataulizwa kwa nini hakwenda, ataambiwa. Kwa hiyo mama anakopa katika kikoba, fungu ambalo yeye na wenzake waliliweka kwa ajili ya ugonjwa, msiba na ada. Ananunua kitambaa, analipa fundi, anatuma mchango, kisha ananunua zawadi: daftari mbili, boksi la rangi na kitabu cha hadithi.

Mwaliko ulisema saa nane mchana. Mama na mwanawe wanafika saa nane, baada ya daladala mbili na bajaji moja, kwa kuwa ukumbi uko mbali na kituo na haukujengwa kwa kuwafikiria waendao kwa miguu. Wanakuta mafundi wakiendelea kufunga vitambaa vya mapambo. Saa tisa inapita, na saa kumi inapita. Watoto wameketishwa katika viti vilivyovikwa mashuka na kufungwa utepe, nao wamekatazwa kukimbia wasije wakachafua nguo kabla ya picha. Nje limesimamishwa jumba la puto la kurukia, limejaa hewa, lakini mlangoni amesimama kijana aliyeagizwa asimruhusu mtoto yeyote mpaka wakubwa wawe wamekwisha kupiga picha mbele yake. Ni sherehe ya watoto ambamo kucheza kunahitaji kibali.

Saa kumi na moja wanaingia watu wa meza kuu. Katika sherehe ya mtoto wa miaka mitano ipo meza kuu! Ameketi mkuu wa idara anakofanya kazi baba. Ameketi mfanyabiashara anayeuza vifaa kwa idara hiyo hiyo. Wameketi jamaa waliotoka ng'ambo. Mshereheshaji anashika kipaza sauti na kuomba makofi kwa baba, makofi kwa mama, makofi kwa mgeni rasmi. Mwenye siku hasikii hata moja. Amelala begani mwa msichana wa kazi, taji limemshuka hadi shingoni.

Anaamshwa ili akate keki. Analia. Mkono wake unashikwa, kisu kinashikizwa mkononi, na kipande cha kwanza kinapelekwa kinywani mwa mkuu wa idara. Kisha chakula kinatolewa, nayo meza kuu inatangulia. Watoto, ambao hawajala tangu asubuhi isipokuwa biskuti na soda, wanapanga mstari baada ya wakubwa kumaliza kujaza sahani zao.

Ndipo inapofika saa ya mnada wenyewe. Muziki unafunguliwa, na makundi yanaitwa moja moja yaje mbele yakicheza, yakiwa yamenyanyua zawadi juu ya vichwa ili zionekane. Mshereheshaji anatangaza kila kitu kwa sauti. Baiskeli! Vifijo. Runinga! Vifijo zaidi. Bahasha nene kutoka kwa mfanyabiashara! Mkuu wa idara anatikisa kichwa kwa kuridhika. Inafika zamu ya karani wa masijala. Mshereheshaji anapokea kifurushi chake, anakipima uzito kiganjani, anaachia tabasamu kwa hadhira, kisha anasema: “Na hapa, ndugu zangu, tumeletewa vifaa vya shule!”

Ukumbi unacheka. Si kicheko cha ukatili. Ni kicheko cha watu walioshiba. Lakini mtoto wa karani, ambaye usiku uliopita aliketi na mama yake wakifunga kifurushi kile kwa karatasi ya maua, haangalii tena zawadi. Anaangalia viatu vyake.

Kituoni, jioni, wakingoja daladala, mtoto huyo anamuuliza mama yake maswali mawili. La kwanza ni jepesi: “Mama, yangu itakuwa lini?” Kila mama analo jibu lake, na huyu pia analo: Mungu akijalia, mwanangu. La pili linamwacha bila neno: “Na yule dada aliyembeba, yeye keki yake lini?”

Msichana asiye na siku

Mtoto huyo wa miaka mitano ameona kitu ambacho ukumbi mzima, pamoja na meza kuu yake, haukukiona. Yule msichana aliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Aliosha sufuria, akafuta viti, akamwogesha mtoto, akambeba mchana kutwa, akala wali wake akiwa amesimama jikoni. Anaijua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto wa mwajiri wake kuliko ajuavyo jina la mkuu wa wilaya. Lakini katika nyumba ile hakuna hata mmoja anayeijua tarehe yake yeye, na huenda hakuna aliyewahi kumuuliza.

Swali la umri wa msichana huyo si la adabu tu. Ni la sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwajiri asiyejua msichana wake alizaliwa lini hawezi kujua kama anaitii sheria hiyo au anaivunja. Hata kama msichana amevuka umri huo, somo linalotolewa ukumbini halibadiliki. Watoto mia moja wameketishwa kwa saa tano wafundishwe kwamba kuna kuzaliwa kwa namna mbili: kuzaliwa kunakopigiwa tarumbeta, na kuzaliwa kunakosimama jikoni. Ikiwa hayo siyo mafunzo ya matabaka, basi neno matabaka halina maana.

Nani aliyemfikisha mtoto miaka mitano?

Baba wa ukumbini hupokea makofi kana kwamba yeye peke yake ndiye aliyemfikisha mwanawe katika umri huo. Ukweli ni mwingine. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa nchini mwaka 1999 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta idadi hiyo imeshuka hadi 43. Maana yake ni kwamba wako watoto wengi leo wanaocheza, wanaoimba na wanaouliza maswali magumu vituoni, ambao kwa hali ya miaka ile wangekuwa makaburini.

Ni nani aliyeleta mabadiliko hayo? Si mpambaji wa ukumbi. Ni muuguzi wa zahanati aliyembeba sanduku la chanjo juu ya baiskeli. Ni mhudumu wa afya wa kijiji aliyepita nyumba hadi nyumba akiwasisitiza akina mama wasikose kliniki. Ni chandarua. Ni kisima kilichochimbwa na wananchi wenyewe. Ni mkulima na mfanyakazi waliolipa kodi ili dawa inunuliwe. Kila mtoto wa Tanzania anayetimiza miaka 5 ni ushindi wa umma. Kuuchukua ushindi huo, kuuvika pinki na dhahabu, na kuutangaza kuwa fahari ya mtu mmoja na mkewe, ni kunyang'anya jasho la wengi mchana kweupe.

Tena ushindi huo haujakamilika. Utafiti huo huo wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 nchini walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao kilikuwa kifupi mno kwa umri wao kutokana na lishe duni ya muda mrefu. Ni katika nchi hiyo hiyo ambamo trei nzima za mayai huingia katika keki ya ghorofa tatu, ghorofa mbili zikaliwa na moja ikarudi nyumbani kukaukia jokofuni. Ngano ya keki hiyo kwa sehemu kubwa imeagizwa ng'ambo. Vivyo hivyo maputo, mishumaa na wanasesere. Kinachobaki kuwa cha hapa ni deni la karani.

Wimbo ulionyang'anywa

Wapo wanaodhani kwamba sherehe za namna hii ni alama ya ustaarabu, na kwamba asiyeziandaa ni mtu wa nyuma. Hao yafaa waelezwe asili ya kitu wanachokiabudu. Keki yenye mishumaa kwa ajili ya mtoto ilikuwa desturi ya Wajerumani wa karne ya 18. Ilikuwa desturi yao, na si vibaya watu kuwa na desturi zao. Wimbo unaoimbwa kila ukumbi duniani asili yake ni wimbo wa walimu. Ndugu wawili wa kike, Patty na Mildred Hill, waliokuwa wakifundisha watoto wadogo katika mji wa Louisville, Marekani, waliutunga wimbo rahisi wa kuamkiana asubuhi darasani, ukachapishwa mwaka 1893. Haukuwa wimbo wa keki wala wa zawadi. Ulikuwa salamu ya watoto wote kwa wote. Baadaye watu wakauwekea maneno ya siku ya kuzaliwa.

Mabepari wakafanya kazi yao. Mwaka 1935 kampuni moja ikauandikisha kuwa mali yake. Mwaka 1988 haki hizo zikanunuliwa na kampuni kubwa zaidi, Warner/Chappell, na kwa miaka mingi wenye filamu, redio na hoteli wakatozwa fedha kwa kuimba salamu ya watoto. Mtengeneza filamu mmoja aliyetozwa dola 1,500 aligoma kunyamaza akaenda mahakamani. Mwaka 2015 jaji wa Los Angeles akatamka kwamba kampuni ile haikuwa na haki halali juu ya maneno ya wimbo huo, na mwaka 2016 ikakubali kulipa dola milioni 14 kumaliza kesi.

Kisa hicho kina funzo. Kilichoanza kama kitu cha watoto wote kilinyakuliwa, kikawekwa uzio, kikatozwa kiingilio. Huko Marekani wamefika hadi mahakamani ili kuurudisha wimbo kwa watu. Hapa, watu wanaojiita wastaarabu wanashughulika kuifanya siku ya mtoto vile vile ulivyofanywa wimbo ule, na hakuna jaji wa kuwazuia isipokuwa dhamiri ya jamii.

Sinia halina meza kuu

Waafrika hawakungoja keki ili wajue kuhesabu miaka ya watoto wao. Majina yenyewe ni kalenda. Juma na Mwanajuma wanajulisha siku. Masika na Mvua wanajulisha majira. Shida, Tabu na Mashaka wanajulisha hali ya nyumba wakati mtoto alipowasili. Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama Aprili 13, 1922, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha. Jina hilo lilimfunga mtoto na kijiji kizima kilichoingoja mvua ile. Na taifa humkumbuka Mwalimu siku ya Oktoba 14, siku aliyofariki mwaka 1999, siku ambayo hesabu ya kazi yake ilifungwa. Hilo nalo ni somo: kuzaliwa ni zawadi ambayo mtu hakuifanyia kazi, cha kumsifia ni alichokifanya baada ya kuzaliwa.

Aidha, jamii hizi zina karamu zake za watoto, na tofauti yake na mnada wa Jumamosi ni kama mchana na usiku. Katika akika, mnyama huchinjwa siku ya saba, na nyama hugawiwa majirani na maskini. Yanaposomwa maulidi, sinia la pilau huwekwa chini, watu hulizunguka, na hakuna anayeulizwa ameleta nini. Sinia halina meza kuu. Lina ukingo mmoja wa mviringo, na kila mkono una umbali sawa na chakula. Kwa Wakristo nako, anayetafuta sherehe za kuzaliwa ndani ya Biblia atazikuta mbili, ya Farao na ya Herode. Zote mbili ni karamu za watawala, na katika zote mbili mtu aliuawa. Si mifano ya kuigwa na karani wa masijala.

Hoja za watetezi

Watetezi wa sherehe hizi wanazo hoja, na ni haki zijibiwe. Hoja ya kwanza husema: ni fedha yangu, nazitumia nipendavyo. Jibu ni kwamba mwenye fedha zake hatumi namba ya kuchangiwa. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa hadi shilingi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Mtumishi wa kima hicho analipa kodi ya chumba, nauli, unga, mkaa na dawa. Akitoa mchango, akanunua zawadi, akashona nguo ya rangi ya siku na kulipa usafiri, sehemu ya kumi ya mshahara imekwenda katika Jumamosi moja. Darasa la mtoto wake lina watoto thelathini. Sasa ahesabu yeye anayesema ni fedha yake.

Hoja ya pili husema: ni mapenzi kwa mtoto. Kama ni mapenzi, mtoto aulizwe anataka nini. Mtoto wa miaka mitano hutaka mambo matatu: wenzake, nafasi ya kukimbia, na mama yake akiwa karibu. Ukumbini hupewa viti, mashuka na kipaza sauti, naye mama yuko mlangoni akipokea wageni. Mtoto anayelala begani mwa msichana wa kazi wakati wa sherehe yake mwenyewe ametoa hukumu yake waziwazi.

Hoja ya tatu husema: huo ni wivu wa wasio nacho. Hii ndiyo hoja ya zamani kuliko zote, na kila mnyonyaji ameitumia. Karani yule hakutamani baiskeli ya mtu wala runinga ya mtu. Alichotamani ni kumpelekea mtoto mwenzake wa mwanawe kitabu cha hadithi pasipo kuchekwa. Mahali ambapo kitabu kinachekwa na bahasha inapigiwa vifijo, anayehitaji kuonewa huruma si mwenye kitabu.

Hoja ya nne ina uzito zaidi. Inasema kwamba sherehe hizi zinawapa riziki waoka keki, wapambaji, wapishi na wapiga picha, na wengi wao ni wanawake waliojitafutia kazi kwa mikono yao. Ni kweli, na kazi yao ni halali. Lakini mwoka keki haitaji meza kuu ili auze. Anaweza kuiuzia shule mikate na maandazi ya watoto wote, akapata soko la mwaka mzima badala ya oda ya msimu. Hakuna anayetaka kuzima jiko la mtu. Kinachotakiwa kuzimwa ni kipaza sauti kinachotangaza zawadi.

Wajibu wa viongozi

Jambo hili lisingekuwa zito kama lingewahusu matajiri peke yao. Uzito wake ni kwamba wamo watumishi wa umma, na wamo viongozi. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika ibara yake ya 15, ulimfanyia kiongozi kuwa mwiko majivuno, ufahari, dharau na uonevu. Wapo wanaosema kwamba mambo hayo yalipita, kwamba maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991 yalilegeza masharti. Na wayasome vizuri maamuzi hayo. Yalimruhusu mwanachama kuwa na hisa, nyumba ya kupangisha na kipato zaidi ya kimoja. Hayakumruhusu mahali popote kuwafundisha watoto dharau. Ahadi ya kwanza ya mwanachama, kwamba binadamu wote ni ndugu zake, haikuwahi kufutwa na kikao chochote.

Na ile bahasha nene ya mfanyabiashara inahitaji kutazamwa kwa macho makavu. Mtoto wa miaka mitano hana zabuni ya kutoa, hana leseni ya kutia saini, hana kiwanja cha kugawa. Basi bahasha ile alipewa nani? Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inaweka masharti juu ya zawadi anazopokea kiongozi, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 haikusema kwamba rushwa ikifungwa kwa utepe wa pinki hugeuka kuwa halali. Anayeitumia siku ya mwanawe kukusanyia bahasha amemfanya mtoto mfuko wa mbele wa suruali yake.

Kifanyike nini?

Kwanza, mzazi anayeona fahari kwa siku ya kuzaliwa ya mwanawe aanze kwa kuiandikisha. Utafiti wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba ni kiasi cha robo tu ya watoto walio chini ya miaka 5 ndio waliokuwa wameandikishwa kuzaliwa kwao. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya jina na utaifa, na inamwekea mzazi wajibu wa kumwandikisha. Tangu mwaka 2013 upo mpango, ulioanzia Mbeya, wa kuwasajili watoto walio chini ya miaka 5 katika vituo vya afya na ofisi za kata, ili mzazi asilazimike kusafiri hadi makao ya wilaya. Cheti kile ni karatasi isiyo na dhahabu, lakini ndicho kitakachomsaidia mtoto kuthibitisha umri wake shuleni, mahakamani na mbele ya mwajiri. Kama yule msichana wa jikoni angekuwa nacho, swali la umri wake lingekuwa na jibu.

Pili, shule za chekechea ziache kuwa mawakala wa kadi. Zitenge siku moja kila mwezi, na watoto wote waliozaliwa mwezi huo wasimamishwe pamoja mbele ya wenzao. Waimbiwe wote, wanywe uji na kula maandazi yale yale, kisha wacheze uwanjani mpaka wachoke. Anayetaka kutoa zawadi alete kitabu kimoja kwa ajili ya rafu ya darasa, bila jina na bila kutangazwa. Kwa njia hiyo darasa la watoto thelathini litakuwa na sherehe kumi na mbili kwa mwaka, zote nafuu, na maktaba isiyokuwapo mwanzo.

Tatu, taifa linayo tayari siku ya watoto wote. Ni Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 kwa kudai elimu isiyo ya kuwadhalilisha. Mzazi mwenye uwezo wa kukodi ukumbi na autumie uwezo wake siku hiyo, katika kata yake, kwa watoto wote wa kata.

Nne, viongozi watangulie. Asiwepo kiongozi wa kuandaa meza kuu kwa mtoto mdogo, wala wa kuketi katika meza kuu ya namna hiyo akialikwa. Mgeni rasmi akikosekana, nusu ya mnada imekufa.

Na tano, kila nyumba yenye msaidizi wa kazi imuulize alizaliwa lini. Ikiwa hajui, isaidie kujua. Siku hiyo ikifika, apumzike, apikiwe, na watoto aliowabeba wamwimbie. Hilo halina gharama, na mtoto atakayeliona atakuwa amejifunza mengi kuliko aliyeona jumba la puto.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kutoa ni kipaza sauti. Karani wa masijala alitoa kwa moyo, nao ukumbi ukamcheka. Aibu ile si yake. Ni ya jamii inayoona kosa hili kila Jumamosi na kulipigia makofi. Mnada huu na ufungwe. Viti viondolewe, mlango wa nje ufunguliwe, na watoto waachwe wacheze.